Pindo la Koni

Spika mbili za marehemu mjomba zilikaa miaka mingi sebuleni kwetu Tanga, moja kila upande wa kabati la vyombo, zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Alizileta mwenyewe kutoka Uingereza enzi za ubaharia wake. Nilipokuwa mtoto nilipenda kuweka kiganja kwenye kitambaa cha mbele, santuri ya Atomic Jazz ikizunguka, nikalihisi gitaa la besi likinigonga ngozini. Baadaye zikaanza kukoroma. Mwanzoni zilikoroma kwenye nyimbo zenye besi nzito tu. Mwisho hata msomaji wa taarifa ya habari akawa anasikika kama mtu anayeongea na karatasi mdomoni. Nyumbani tukakubaliana kwamba zimekufa, zikageuzwa meza za kuwekea maua.

Siku nilipozifungua, unga mweusi ulimwagika sakafuni. Koni ya karatasi ilikuwa nzima, haina tundu wala bonde. Kilichokosekana ni lile duara la sponji linaloizunguka koni na kuiunganisha na fremu ya chuma. Kipande kilichosalia nilikigusa kwa ncha ya kidole, kikabaki kidoleni, kinanata kama lami ya saa saba mchana.

Nikaibeba moja hadi kwa fundi redio mzee ambaye kibanda chake kilikuwa hakina nafasi ya mtu wa pili kusimama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapa."

Aliitazama bila kusema kitu. Akapanga vidole vya mikono miwili kuizunguka koni, akaibonyeza kidogo kidogo, sikio kaliinamisha. Akaiachia. Koni ikarudi juu kimya.

"Hii haijafa," akasema. "Imeoza pindo tu."

Neno hilo nililishika tangu siku ile. Kanga ina mji, ina jina, na ina pindo linalouzunguka mji wote. Mafundi wengine huliita duara hili sponji, wengine raba hata pale ambapo si raba, lakini pindo ndilo neno linaloonyesha mahali lilipo na kazi linayofanya, na ndilo nitakalolitumia.

Wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, ina koili ya waya uliozungushwa kwenye silinda nyepesi. Koili hiyo huning'inia ndani ya mfereji mwembamba wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, na koni iliyogandishwa nayo huenda pamoja nayo, ikisukuma hewa ya chumba. Kwenye besi ya chini kabisa safari hiyo hufanyika mara 30 au 40 kwa sekunde, na huweza kuwa ya milimita kadhaa. Nafasi iliyopo baina ya koili na kuta za mfereji ni sehemu tu ya milimita moja. Kwa hiyo koni inatakiwa iende mbali mbele na nyuma, ilhali haitakiwi iyumbe upande hata kwa unene wa kadi ya simu.

Vinavyoishika ni vitu viwili. Chini, karibu na sumaku, kuna kitambaa cha mikunjo kilichokaushwa na gundi. Hiki hudumu sana na mara nyingi utakikuta kizima kama kilivyotoka kiwandani. Juu ndipo lilipo pindo. Pindo hukisaidia kile kitambaa kuiweka koni katikati, huziba hewa ya mbele isichanganyike na ya nyuma, na tena hufanya kazi ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: mtetemo unaposafiri kutoka katikati ya koni na kufika ukingoni, pindo huumeza usirudi ulikotoka. Ndiyo maana spika iliyooza pindo huharibu hata sauti za watu, wala si besi peke yake.

Kwa nini basi kiungo chenye kazi nzito hivi kikatengenezwa kwa sponji? Jibu linaanzia kwenye kitambaa cha godoro.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyetaka besi ya kweli nyumbani alihitaji boksi la ukubwa wa jokofu. Mapindo ya wakati huo yalikuwa magumu, kwa kawaida ni ukingo wa koni yenyewe uliotiwa mikunjo, na ugumu huo ndio uliokuwa ukiirudisha koni mahali pake kama springi. Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha somo la uzalishaji wa sauti katika Chuo Kikuu cha New York, aliona kwamba springi ile ndiyo adui. Haivuti kwa usawa, na koni ikienda mbali inapotosha sauti. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo lisilovuja, yeye alisema, ni springi bora kuliko chuma, karatasi au kitambaa. Kinachotakiwa ni kulegeza mshiko wa koni kabisa na kuiachia hewa kazi ya kuirudisha.

Ili kujaribu, alichukua spika ya inchi 12, akaukata ukingo wake mgumu, na kwa msaada wa mkewe Rosemary akaweka pindo jipya lililokatwa kwenye kitambaa cha godoro. Boksi lilikuwa dogo, besi ikashuka chini kuliko ya makabati makubwa. Watengenezaji aliowapelekea wazo hawakulitaka. Mwaka 1954 yeye na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, na kuanza kuuza AR-1. Miaka michache baadaye ikaja AR-3, ambayo sasa imo kwenye hazina ya makumbusho ya Smithsonian huko Washington.

Mimi huiona habari ya godoro lile kuwa ndiyo kiini cha jambo zima. Spika iliyobadilisha sebule za dunia ilianza kwa watu wawili nyumbani kubadilisha pindo, kazi ile ile ambayo fundi anafanya leo kibandani. Anayekuambia kwamba spika haifunguliwi hajui ilivyozaliwa.

AR za mwanzo zilivaa mapindo ya kitambaa kilichopakwa dawa nzito ya kuzuia hewa isipite. Baadhi yake bado zinapiga hadi leo, baada ya zaidi ya miaka 60, pengine kwa kupakwa upya tu. Kisha, kuelekea miaka ya 1970, viwanda vingi vikahamia kwenye sponji ya poliurethani. Kloss naye, alipoanzisha kampuni ya Advent, wufa zake zilivaa sponji. Walikuwa na sababu. Sponji ni nyepesi, ni laini kuliko kitambaa kilichopakwa dawa, inameza mitetemo ya ukingoni vizuri sana, na mashine inaitoa ikiwa na umbo lake tayari. Kwa mtu anayetafuta mshiko uliolegea, ilikuwa kama imeumbwa kwa ajili yake.

Poliurethani iligunduliwa Ujerumani mwaka 1937, na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen. Zipo za aina mbili kubwa, na ile ya aina ya poliesta ina udhaifu mmoja: maji. Mvuke uliomo hewani huingia kwenye vijitundu vya sponji na kuvunja viungo vinavyoshikilia minyororo yake, kimoja baada ya kingine. Kila kiungo kikivunjika huzaa asidi, na asidi hiyo huharakisha kuvunjika kwa kinachofuata. Mwanga wa jua na ozoni huongezea upande wa nje. Basi sponji haichakai kwa kupigwa muziki kama soli inavyochakaa kwa kutembea. Huoza hata ikiwa stoo, ndani ya katoni, haijapigwa hata siku moja. Watu hulipa bei kubwa kwa spika za zamani "mpya kabisa, hazijatumika", kisha zikamwaga unga wiki ya kwanza. Wahifadhi wa makumbusho wanaufahamu msiba huu vizuri, kwa kuwa sanamu na samani za sponji za miaka ile ile zinawabomokea mikononi.

Makadirio ya kawaida ya mafundi ni miaka 10 hadi 20, na penye unyevu na joto hesabu huelekea kwenye 10. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam: hewa yetu ni mvuke wa chumvi mwaka mzima. Msomaji wa Pwani anaweza kuuliza, mbona yale maspika makubwa ya kumbi za dansi na ya makanisani yanapigwa usiku kucha, miaka nenda rudi, na hayaozi? Yageuze uyatazame. Ukingo wake ni karatasi au kitambaa kilichotiwa mikunjo na kupakwa dawa, mgumu, kwa sababu spika ya ukumbi inahitaji nguvu na sauti kubwa kuliko besi ya chini kabisa. Zile za sebuleni ndizo zilizopewa ulaini, na zimeulipia.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kinachoumwa ni pindo peke yake. Fanya alivyofanya fundi wangu: vidole vimepangwa sawasawa kuizunguka koni, mkandamizo mdogo, sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo, huenda koili imeyumba kwa sababu ya kukosa pindo, na hilo litaondoka. Au huenda imeungua na kuvimba, na hilo haliondoki kwa sponji. Nusa. Koili iliyoungua ina harufu yake, na haipotei upesi. Kisha pima kwa mita: wufa iliyoandikwa omu 8 husoma karibu na 6, ya omu 4 husoma tatu na kitu. Mita isiposoma kabisa, waya umekatika mahali fulani. Na tangu siku uliyogundua ufa kwenye pindo, acha kuipiga spika hiyo. Koni isiyoshikwa huichapa koili kwenye ukuta wa mfereji, na kile kilichokuwa kazi ya sponji kinageuka kazi ya kusuka koili upya.

Muuza duka atakushauri utupe wufa uweke nyingine. "Si ni inchi 8 tu?" Hapa nasimama upande wa fundi mzee kwa nguvu zangu zote. Uzito wa koni, nguvu ya sumaku na ulaini wa mshiko vilipigiwa hesabu pamoja na ujazo wa boksi lile, na vilevile na vile vifaa vya ndani vinavyogawa sauti nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita. Wufa ngeni ya inchi zile zile itaingia kwenye tundu, skrubu zitalingana, na besi itakuwa ya spika nyingine.

Inchi zenyewe zinadanganya. Pindo langu la kwanza nililinunua kwa kutaja "inchi 8", nikarudi nyumbani nikalikuta linaifunika koni kwa kidole kizima na halifiki kwenye fremu. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue ukiwa Nairobi, au ukiagiza kutoka ng'ambo, beba vipimo vya milimita: upana wa koni kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa uwazi wa fremu, upana wa mahali pindo linapokalia fremu, na upana wa tuta, yaani ile sehemu ya pindo iliyoinuka. Tazama pia mdomo wa ndani wa pindo, ule unaobandikwa kwenye koni. Kuna mapindo ambayo mdomo huo umelala bapa na mengine umeinama kufuata mteremko wa koni. Kuna koni zinazobandikwa pindo juu na nyingine chini yake. Kipande kilichooza, hata kiwe robo ya duara, usikitupe kabla hujakijua.

Nunua mawili. Pindo la upande wa pili lina umri ule ule, na spika mbili zisizolingana ulaini haziwezi kuimba pamoja.

Kusafisha ndiko kunakochukua siku, na ndiko wengi wanakoharakisha. Wufa ilale kifudifudi au chali juu ya kitambaa. Ile ringi ya karatasi ngumu iliyobanwa juu ya pindo kwenye fremu ibandue polepole kwa kisu butu, kwani itarudi. Mabaki ya sponji na gundi ya zamani kwenye fremu yakwangue yote, umalizie kwa spiriti. Kwenye koni ya karatasi uwe mpole: spiriti kidogo, pamba, mkono mwingine ukiikinga koni kwa nyuma. Bisibisi na visu viwe mbali na sumaku. Nimeona bisibisi ikivutwa kutoka mkononi mwa mtu makini ikatoboa koni aliyoisafisha kwa saa mbili.

Gundi nyeupe ya maji, ile inayokauka ikawa angavu na inayokunjika, inafaa sana kwa koni ya karatasi. Inakupa muda wa kusogeza, na ukikosea unaweza kuibandua ingali mbichi. Gundi za kushika papo hapo zina nguvu, lakini hazikupi nafasi ya pili, na viyeyusho vya baadhi yake huila sponji au huharibu koni za plastiki. Koni ya polipropilini, ile nyeusi yenye kuteleza, ina shida yake: gundi nyingi haziishiki kabisa, na inataka gundi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Gundi za silikoni za kuzibia masinki zikae mbali, maana huwa nzito na baadhi yake hutoa asidi zinapokauka.

Mdomo wa ndani hubandikwa kwanza, peke yake. Paka mstari mwembamba, laza pindo, zungusha kidole ukilikandamiza mpaka hakuna mahali palipoinuka, kisha liache likauke kabisa. Siku nzima si nyingi.

Halafu inakuja sehemu ambayo kila kitu kinaitegemea. Mimi mara ya kwanza niliubandika mdomo wa nje kwa macho. Nilipima kwa rula pande nne, nikaridhika, nikalala. Asubuhi koni ilikwaruza kila ilipopumua, na ilinibidi nilikate pindo jipya kwa wembe na kuanza upya na lingine. Jicho haliwezi kuona sehemu ya milimita iliyofichika chini ya koni. Sikio linaweza.

Mafundi wa zamani walikata kile kikofia cha katikati ya koni na kupachika vipande vyembamba vya filamu ya kamera baina ya koili na nguzo ya sumaku, vinne au zaidi, ili koili ilazimike kukaa katikati mpaka gundi ikauke. Njia hiyo haikosei, na kwa wufa yenye mfereji mwembamba sana bado ndiyo salama zaidi, ingawa inakulazimu kubandika kikofia upya. Fundi wangu alinionyesha ya pili. Gundi ya nje ikiwa mbichi, unaiunganisha wufa na amplifaya na kupiga mlio wa mitetemo 30 hivi kwa sekunde, kwa sauti ndogo, kiasi cha koni kuonekana ikitikisika. Siku hizi simu hutoa mlio huo bure. Kisha unalisogeza pindo kwa ncha za vidole, nywele moja huku, nywele moja kule. Koili ikigusa, utasikia mkwaruzo mkavu ndani ya ule mlio mzito. Ukifika katikati, mkwaruzo unakatika ghafla na unabaki mlio safi, mviringo. Hapo unabana ukingo kwa vibanio vya nguo, unausikiliza tena, kisha unaondoka chumbani ili mikono isitamani kuugusa.

Asiye na mlio atumie betri ya volti 1.5. Ukiigusisha kwenye vituo vya wufa, koni huruka mara moja. Ikiruka bila kukwaruza, uko karibu. Betri hiyo inakuonyesha pia waya wa chanya ni upi, kwani kwa kawaida chanya kwa chanya koni hutoka nje. JBL nyingi za zamani zilifanya kinyume, koni ikaingia ndani, na mwenye JBL asidhani ameharibu kitu.

Kuhusu raba: wapo wanaosema kwa hewa ya Pwani mtu aweke pindo la raba aachane na sponji milele. Raba nzuri kweli haiogopi mvuke, na spika iliyozaliwa na raba irudishiwe raba. Kwa iliyozaliwa na sponji nasita. Raba huongeza uzito kwenye koni, huiongezea au huipunguzia mshiko ambao boksi halikuutarajia, na sauti hupoa. Sponji za kisasa za aina ya polietha hustahimili maji vizuri zaidi kuliko zile za mwanzo. Ningechagua hiyo, nikikubali kwamba miaka 15 ijayo kisu butu na vibanio vitatoka tena kabatini.

Spika za mjomba zilikaa na vibanio usiku mmoja na mchana wake. Nilizirudisha kwenye maboksi, nikaziba kwa ukanda wa sponji laini pale fremu inapokutana na mbao, kwa maana boksi la kufungia hewa kama hili likivuja, springi yake ya hewa inakwisha. Nikaibonyeza koni moja ndani nikaiachia: ilirudi pole pole, kama mlango wenye kizuizi, ishara kwamba hewa haina pa kutokea. Mama alikuwa amekaa karibu. Aliposikia gitaa la besi liking'oka kutoka kwenye kona ile, aliinuka akayatoa maua juu ya spika ya pili kabla sijamwomba.

Kabla ya kuzifunga nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya kudumu mgongoni mwa kila sumaku: tarehe, vipimo vinne vya pindo kwa milimita, aina ya sponji, na jina la gundi.